iPod ya marehemu baba, kompyuta mpya: nitumie programu gani badala ya iTunes?

*"Shikamoo mtaalamu. Marehemu baba alituachia iPod classic ya GB 160 aliyoinunua Muscat mwaka 2010 alipokuwa akifanya kazi huko. Mimi ndiye binti yake mkubwa, nimekabidhiwa niitunze. Ina nyimbo kama 6,400, jumla GB 112: taarab ya Tanga na Unguja, dansi la zamani, kaswida, na kanda alizozihamisha mwenyewe. Katika baadhi ya kanda hizo anasikika yeye akitaja tarehe na harusi ilikuwa ya nani. Kompyuta aliyoitumia ilikufa ikauzwa chakavu. Nimeweka iTunes kwenye laptop yangu ya Windows yenye RAM GB 4, inajikokota. Nilipochomeka iPod ikasema imesinkiwa na maktaba nyingine, ikauliza kama nifute. Nikachomoa. Siku nyingine nikaifungua kama flashi nikaweka nyimbo kumi mpya: kwenye laptop naziona, kwenye iPod hazipo. Ndani nimekuta mafolda F00, F01 na kuendelea, na faili zenye majina kama QXJD, nadhani zimeharibika. Rafiki mmoja anasema niweke Rockbox, mwingine anasema programu za bure zimejaa mtandaoni. Bando ghali, na naogopa kuipoteza sauti ya baba. Nitumie nini? Na kaka yangu aliye Muscat anataka nakala."*

Marahaba, dada yangu, na pole kwa msiba. Ulivyoogopa ule ujumbe ndivyo ilivyotakiwa. Ungebonyeza kitufe kimoja tu cha kukubali, leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine kabisa.

Unauliza programu ipi ishike nafasi ya iTunes. Nitakujibu, ila nikianza na hilo nitakuwa nimekukosea, kwa sababu programu zote nitakazozitaja, nzuri kwa mbovu, kazi yake ni kuandika ndani ya iPod. Na kwa maelezo yako, nyimbo hizo sasa zipo mahali pamoja tu duniani: kwenye diski ndogo inayozunguka, ambayo imeshapita miaka kumi tangu itoke dukani. Kwanza tuzitoe humo. Zikishakuwa na nakala mbili pembeni, cheza na programu yoyote uipendayo.

Tuanze na QXJD, maana hapo ndipo wengi wanapopotelea. Hakuna kilichoharibika. iTunes inapoingiza wimbo kwenye iPod huutupa ndani ya mojawapo ya mafolda yale ya F00, F01, F02 na kuendelea, kisha huupa jina la herufi nne zisizo na maana yoyote. Fanya kama duka la jumla pale Kariakoo lenye stoo kubwa nyuma. Mzigo umepangwa popote penye nafasi, na muuzaji wa mbele hajui hata stoo ina milango mingapi. Anachojua ni daftari. Ukimuuliza sukari, anatazama daftari: rafu ya saba, gunia la tatu. Kisichoandikwa daftarini, kwake hakipo, hata kama kimejaa stoo mpaka darini.

Daftari la iPod linaitwa iTunesDB. Lipo ndani ya folda iPod_Control, katika folda ndogo ya iTunes. Humo ndimo yalimo majina ya nyimbo, waimbaji, albamu, orodha alizozipanga baba, hata hesabu ya mara ngapi kila wimbo umepigwa. Zile nyimbo zako kumi uliziingiza stoo kwa mlango wa nyuma, na muuzaji hakuambiwa. Ndiyo maana laptop inaziona, kwa sababu laptop inatazama stoo, na iPod haizioni, kwa sababu iPod inasoma daftari. Hazina madhara. Zinakula nafasi tu, utazifuta baadaye.

Utauliza kwa nini waliifanya ngumu hivyo. Kwa kiasi fulani ni betri. iPod ya kwanza ilipotoka Oktoba 2001 ilikuwa na diski ya GB 5 na kumbukumbu ya MB 32. Diski ikizunguka muda wote, betri inakwisha upesi. Basi ilikuwa inaamka, inavuta nyimbo kadhaa kwenye kumbukumbu, inalala tena. Kufungua maelfu ya faili moja moja kutafuta nani kaimba nini kungeimaliza. Kusoma daftari moja ni kazi ya sekunde chache. Huo ulikuwa ufundi mzuri, na sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni wa mwaka 2007. Toleo lako, classic, lilipotoka mwaka huo, Apple iliongeza muhuri kwenye daftari. Kila iPod ina namba yake, na muhuri hukokotolewa kwa kutumia namba hiyo pamoja na yaliyomo daftarini. Programu ngeni ikiandika daftari bila muhuri sahihi, iPod inalikataa lote na kukuonyesha nyimbo sifuri, ingawa stoo imejaa. Watu wengi wamelia wakidhani nyimbo zimefutika, kumbe ni daftari lililokataliwa. Waandishi wa programu huria waliufumbua muhuri ule wa kwanza katika siku chache tu, lakini mvutano haukuishia hapo. Mwishoni mwa 2008 mawakili wa Apple waliutaka mtandao wa BluWiki uondoe kurasa zilizojadili mambo hayo. Aprili 2009 taasisi ya EFF, inayotetea haki za watu mtandaoni, ikafungua kesi dhidi ya Apple kwa niaba ya mwenye mtandao, na Julai mwaka huohuo Apple ikayaondoa madai yake. Nakusimulia haya ili ujue kwamba programu mbadala unazozitafuta zipo kwa sababu kuna watu walizipigania.

Sasa ule ujumbe wa kufuta. Kwa fikra za iTunes, mwenye mali ni kompyuta, na iPod ni kivuli chake tu. Ikikutana na kivuli cha kompyuta nyingine inauliza: nikifute, nikifanye kiwe kivuli cha hii? Maktaba ya laptop yako ni tupu, kwa hiyo ungekubali ungepata iPod tupu inayofanana nayo. Wala si hitilafu, ndivyo ilivyopangwa. Jibu lako siku zote liwe Cancel.

Kuna vitufe vingine viwili vya kuviogopa. Cha kwanza ni Restore, neno linalosikika kama dawa, mtu anadhani litarudisha vitu vyake. Halirudishi nyimbo. Linaifuta iPod yote na kuiacha kama ilivyotoka kiwandani. Mimi mwenyewe miaka hiyo nikijifunza nililibonyeza kwenye iPod ya shemeji yangu kwa kujiamini kabisa, na mpaka leo kwenye shughuli za familia sichaguliwi kuweka muziki. Cha pili ni cha Windows. Kwa kuwa ulichomoa ghafla, huenda laptop ikakuambia diski ina tatizo, ikaguliwe na kurekebishwa. Usikubali kabla ya kutoa nakala. Ule ukaguzi ukikuta faili zisizoeleweka unaweza kuzikatakata na kuzigeuza faili za CHK zisizo na jina wala mwenyewe.

Haya, tutoe nyimbo. Utahitaji mahali pa kuziweka: diski ya nje yenye nafasi ya kutosha, na pia laptop yenyewe kama ina GB 112 wazi. Kabla ya kuchomeka, fungua iTunes, ingia Edit, kisha Preferences, kisha Devices, uweke tiki pale panapozuia vifaa kusinki vyenyewe. Kwa usalama zaidi shikilia Ctrl na Shift pamoja unapochomeka, mpaka iPod ionekane. Ukiona yote hayo yanakuchosha, iondoe iTunes kabisa. Windows haiihitaji ili kuisoma iPod classic kama diski, na wewe umeshaliona hilo.

Chomeka moja kwa moja kwenye laptop, bila kupitia kigawanyi cha USB. Na waya, dada yangu, waya! Zile nyaya pana za pini 30 zinazouzwa barabarani siku hizi nyingi zinachaji tu, au zinakatikakatika unapohamisha data. Kama waya wa baba upo, tumia huo.

Nakili folda ya iPod_Control nzima, usichague cha ndani. Wengi wanachukua Music peke yake kwa sababu nyimbo zimo humo, wanaliacha daftari. Wewe chukua vyote: Music, iTunes, Artwork na vinginevyo. Kwa USB ya iPod hiyo, GB 112 ni kazi ya saa mbili, tatu au zaidi, kwa hiyo ianze asubuhi siku ambayo umeme unauamini, laptop ikiwa kwenye chaji na imezuiwa isilale. Ikimaliza, linganisha idadi ya faili na jumla ya ukubwa pande zote mbili. Fungua faili kama ishirini ovyo ovyo, usikilize mwanzo, kati na mwisho. Kisha iondoe iPod kwa utaratibu, kwa ile amri ya kutoa kifaa salama. Halafu tengeneza nakala ya pili ikae nyumba nyingine. Nikisema nyumba nyingine simaanishi droo nyingine.

Nakala ikigoma njiani, faili ileile kila mara, au ukisikia mlio wa tik, tik, tik kutoka ndani ya iPod, simama. Usijaribu mara ya pili. Diski ndiyo inayokufa, na kila jaribio linaipunguzia siku. Hapo unahitaji fundi wa kuokoa data ambaye atanakili diski nzima kama ilivyo kwanza, kwa chombo kama ddrescue kinachoruka sehemu mbovu na kuzirudia mwishoni, ndipo atafute faili ndani ya ile nakala. Akikuambia anaiformati halafu anarudisha, mshukuru uondoke na iPod yako.

Hali ya diski unaweza kuipima mwenyewe. Shikilia Menu na kitufe cha katikati mpaka iPod izime na kuwaka upya. Nembo ikitokea tu, shikilia kitufe cha katikati pamoja na cha kurudi nyuma. Utaingia kwenye ukurasa wa majaribio wa mafundi. Chagua majaribio ya mkono, kisha IO, kisha HardDrive, kisha HDSMARTData. Tazama mistari ya Reallocs, yaani sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa, na Pending Sectors, zinazoshukiwa kuwa mbovu. Sifuri, au namba ndogo isiyopanda, ni habari njema. Mamia, au namba inayoongezeka wiki kwa wiki, ni diski inayoaga. Kutoka humo, anzisha upya kwa Menu na kitufe cha katikati. Hakuna kinachofutwa kwa kutazama tu.

Sasa kuna jambo ambalo hukuliuliza, nami limenigusa nilipopiga hesabu za barua yako. GB 112 kwa nyimbo 6,400 ni wastani wa MB 17 na ushee kwa wimbo. MP3 ya kawaida ya dakika tano haifiki hata MB 10. Maana yake zimo faili nzito humo, na kwa mtu aliyehamisha kanda mwenyewe ningebashiri ni WAV, yaani sauti isiyobanwa, ambazo hula MB 10 hivi kwa kila dakika. Tazama mwisho wa majina ya faili: .mp3, .m4a, .wav au .aif.

Kwa nini najali? MP3 hubeba jina lake ndani yake. Waimbaji, wimbo, mwaka, vyote vimeandikwa ndani ya faili, kwa hiyo hata ikiitwa QXJD, ukiifungua kwenye programu ya kupigia muziki kama MusicBee au foobar2000 jina halisi linajitokeza, na programu ya bure kama Mp3tag inaweza kuzipa faili elfu majina sahihi kwa mkupuo mmoja. WAV si hivyo. iTunes haikuwa na desturi ya kuandika majina ndani ya WAV. Iliyaandika kwenye daftari peke yake. Baba yako kama alikaa akachapa "Harusi, Pangani" na jina la mwimbaji, maneno hayo huenda yamo ndani ya iTunesDB na pengine popote hayamo. Ukinakili Music ukaacha daftari, utaokoa sauti na kupoteza alichokiandika kwa mkono wake.

Kwa hiyo faili za WAV zitolewe kwa programu inayosoma daftari na kuipa kila faili jina lake wakati wa kuitoa. Kwenye Linux, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, kazi hiyo hufanywa na gtkpod, ya siku nyingi kidogo lakini inaijua iPod classic vizuri. Kwenye Windows ipo CopyTrans, ambayo ni ya kulipia. Ukikwama kabisa, iPod yenyewe bado inaonyesha majina kwenye kioo chake. Kaa na mdogo wako jioni mbili, mmoja anasoma, mwingine anaandika. Ni kazi ya kizamani na haijawahi kuharibu diski ya mtu. Ukishazipa majina, zigeuze WAV ziwe FLAC au Apple Lossless. Hizo huhifadhi sauti ileile bila kupunguza chochote, hubana ukubwa kwa kiasi kikubwa, na hubeba majina ndani yake. Usizigeuze MP3, labda kama nakala ya ziada ya simu. Na zilizo MP3 tayari ziache hivyohivyo, kuzigeuza FLAC ni kumvalisha ndala koti.

Baada ya hapo ndipo tunaweza kujibu swali lako la programu.

Ya kwanza ni iTunes yenyewe, maana si mbaya kama inavyosemwa. Ukiweka tiki ya kusimamia muziki kwa mkono, inaacha kusinki na unaburuta wimbo unaoutaka. Lakini kama baba hakuwa ameiweka hivyo tangu mwanzo, unapoweka tiki inaweza kuuliza tena lile swali la kufuta. Kisakinishi chake ni kama MB 200, na kwa RAM ya GB 4 umeshajionea. Kwako wewe siipendekezi.

Ninayoipendekeza ni foobar2000. Imeandikwa na Peter Pawłowski, ipo tangu 2002, ni ya bure, ni MB chache tu, na inakimbia kwenye laptop ambazo hata kufungua kivinjari zinaomba radhi. Peke yake haiijui iPod. Inahitaji kijalizo kiitwacho foo_dop, ambacho kinajua kuandika daftari na kupiga muhuri wa classic. Kabla ya kupakua foobar2000 soma ukurasa wa foo_dop uone kinataka toleo la biti 32 au 64, maana ukikosea hapo hakitaonekana, utadhani kimeharibika. Kikishakaa, unachagua nyimbo, unabofya kulia, unazipeleka iPod. Ukiwa na FLAC kinaweza kuigeuza wakati wa kuipeleka, kwani programu ya awali ya iPod haichezi FLAC. Inacheza MP3, AAC, Apple Lossless, WAV na AIFF. Sura ya foobar2000 ni kavu kama daftari la karani, na dakika ishirini za kwanza utanilaumu. Vumilia.

Mara ya kwanza usiongeze nyimbo mia tano. Ongeza mbili. Toa iPod kwa utaratibu, tazama kama nyimbo zote za zamani zipo na hizo mbili zimeongezeka. Ikionyesha sifuri usitaharuki, unajua sasa kwamba ni muhuri. Rudisha folda ndogo ya iTunes kutoka kwenye nakala yako juu ya ile iliyomo, na kila kitu kitarudi kilivyokuwa.

MediaMonkey nayo inaiweza iPod classic na ina sura ya kirafiki zaidi, hasa kwa anayependa kupanga maktaba kubwa. Ni nzito kuliko foobar2000. Kama ungekuwa na RAM GB 8 ningekuachia uchague mwenyewe.

Linux inafaa kama laptop imechoka kiasi cha kutaka kuibadilishia mfumo mzima. Programu za muziki za huko, Rhythmbox na Strawberry, zinazungumza na iPod kupitia maktaba iitwayo libgpod. Kwa classic kuna kizuizi kimoja kinachowaangusha watu: libgpod lazima ijue namba ya kifaa ili ipige muhuri, na namba hiyo huisoma kwenye faili iitwayo SysInfoExtended ndani ya iPod. Faili hiyo isipokuwepo utapata zile nyimbo sifuri. Hurekebishika, lakini kwa amri za kuchapa, na sitaki ujifunzie amri hizo kwenye iPod ya baba.

Zile "programu za bure zimejaa mtandaoni" anazosema rafiki yako ziogope. Nyingi ni za majaribio, zinatoa nyimbo chache kisha zinadai malipo. Nyingine ni kurasa zenye vitufe vitano vya kupakua, na kimoja tu ndicho cha kweli. Bando lako litaishia kwenye matangazo, na laptop itaamka na virusi.

Rockbox ni hadithi nyingine. Rafiki yako wa kwanza hakukosea kukutajia, ila amekupa nusu ya habari. Rockbox haishindani na iTunes. Inashindana na programu iliyo ndani ya iPod, na kuchukua nafasi yake. Mradi huo ulianza mwishoni mwa 2001 kwa ajili ya vicheza muziki vya kampuni ya Archos, kisha ukaenea kwa vingine vingi, iPod classic ikiwemo. Ukiweka Rockbox, muuzaji anaanza kuingia stoo mwenyewe. Unaburuta folda kama kwenye flashi, kutoka kompyuta yoyote, na zinasomeka. FLAC, Ogg na Opus zinachezwa. Haifuti nyimbo zilizopo, na programu ya awali inabaki, unachagua ipi iwake.

Ubaya wake? Ule mpangilio mzuri wa menyu za Apple unaukosa. Rockbox ina vipengele vingi mno, na mtu asiye mpenzi wa mitambo huchoka nayo. Orodha alizozipanga baba hazitahamia zenyewe. Nyimbo za zamani utazikuta bado zikiitwa QXJD ukipitia mafolda, labda uijenge hifadhidata ya Rockbox yenyewe, ambayo husoma majina yaliyo ndani ya faili, na hapo zile WAV zitarudi kuwa bubu. Kuisakinisha kwenye classic kunahitaji kuiingiza iPod katika hali maalumu ya matengenezo, na diski lazima iwe ya mfumo wa Windows, yaani FAT32. Yako ni hiyo, kwa sababu laptop yako imeweza kuisoma na kuiandika. Msomaji mwingine ambaye ya kwake ilitumiwa na Mac ataambiwa na Windows kwamba diski inahitaji kuformatiwa. Akikubali, kwisha. Aitoe nyimbo kwenye Mac kwanza.

Ushauri wangu: anza na foobar2000 na foo_dop. Iache iPod ya baba na sura aliyoizoea, kwa nyimbo zake, na orodha zake kama alivyozipanga. Rockbox ukiitamani, nunua iPod nyingine chakavu uchezee. Na nikuambie ukweli ambao muuza programu hatakuambia: ukiwa na nakala yenye majina mazuri, huhitaji iPod wala programu yoyote ya iPod ili usikilize. Memori kadi kwenye simu inatosha.

Sasa, lini uipeleke iPod kwa fundi? Mbali na diski inayogonga, ipo betri. Ukiona mgongo wa iPod umebinuka, kioo kimepata kivuli kisicho cha kawaida, au inapata moto ikiwa kwenye chaji, ichomoe, usiichaji tena nyumbani. Betri iliyovimba ikitobolewa hushika moto. Na usijaribu kuifungua kwa kisu cha jikoni. Kasha la classic limebanwa kwa vishikizo vya chuma, ni miongoni mwa magumu kufungua, na ndani ukanda wa waya wa betri ni mwembamba kama karatasi ya sambusa. Muulize fundi kama amewahi kufungua classic, si iPhone. Ukiwa kwake mnaweza kuzungumza pia kubadilisha diski iwe kadi za SD kwa kibao cha kati kama iFlash. Hakuna kinachozunguka, betri hudumu, na iPod inakuwa nyepesi ajabu. Lakini matoleo ya classic hayafanani kwa ukubwa wa kadi yanayokubali, kwa hiyo aangalie namba ya modeli yako kabla hujanunua kitu. Diski ya zamani usimwachie, hata ikiwa imekufa.

Kaka yako Muscat: usimtumie kwa WhatsApp wimbo mmoja mmoja, mtazeeka. Flashi ya GB 128 inaingia GB 119 hivi zikihesabiwa kwa namna ya Windows, kwa hiyo GB 112 zako zinatosha bila kupunguza chochote, na ukishazigeuza WAV kuwa FLAC nafasi itabaki nyingi. Weka na ile folda ndogo ya iTunes yenye daftari, ndani ya folda uliyoiandika jina "usiguse". Mpe anayesafiri. Hiyo nayo itakuwa nakala yako ya tatu, iliyo ng'ambo ya bahari.

Ukifika kwenye hatua ya foo_dop ukakwama, niandikie tena unitajie namba ya modeli iliyochongwa mgongoni, na ile namba ya Reallocs uliyoiona.